Banda la makuti limekamilika uani, lakini hakuna anayelikalia: nilipambe vipi?

Binti wa Bamburi aliuliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Baba yangu alipostaafu kazi ya bandarini Kilindini mwaka jana, mimi na ndugu zangu tulichanga fedha tukamjengea banda la makuti katika ua wa nyuma wa nyumba yetu hapa Bamburi, ili apate mahali pa kupunga upepo na kuzungumza na wenzake badala ya kushinda sebuleni mbele ya runinga. Banda ni la mraba, mita 4 kwa mita 4, lina nguzo nane za mvinje, sakafu ya vigae vyeupe vinavyong'aa, na kuta fupi za mawe zinazofika kiunoni katika pande tatu. Kazi ya kulipamba nilipewa mimi. Nilinunua makochi mawili ya kusukwa, mito kumi na miwili ya sponji yenye foronya za buluu, mapazia mazito ya kuzunguka banda zima, zulia la manyoya, na nyuzi za taa nyeupe nilizozizungusha kwenye kila nguzo. Siku ya kwanza lilipendeza mno, na picha tulizopiga ziliwafikia jamaa zetu wote hadi Lamu.

Sasa mwaka umepita, na banda halina mtu. Mchana lina joto kuliko hata sebule, na jua likizama mbu hawamwachi mtu kumaliza kikombe cha chai. Mvua za Mei ziliingia kwa ubavu zikalowesha kila kitu. Nilipoigeuza mito baada ya wiki mbili nilikuta madoa meusi kama punje za mtama yametapakaa upande wa chini, na harufu yake haijatoka hata baada ya kuifua na kuianika mara tatu. Zulia nimelitupa.

Linaloniumiza zaidi ni hili: kila siku baada ya sala ya alasiri baba hutoka na kiti chake cha plastiki, hupita kando ya banda, akaenda kukiweka chini ya mwembe ulio upande wa pili wa ua, karibu na lango la nyuma. Nikimwuliza, hunijibu, "Banda ni zuri, mwanangu," kisha hubaki palepale alipo.

Naomba mnishauri kuhusu mapambo yanayofaa, na kuhusu maua pia, kwa sababu niliotesha mawaridi na asmini na yote yakanyauka. Huenda ikasaidia mkijua kwamba ua wetu umezungushiwa ukuta wa mawe wa mita 2 na nusu, kwamba banda liko kwenye pembe ya kusini-mashariki, hatua moja tu kutoka ukutani, na kwamba maji tunayomwagilia ni ya kisima.

Mwezekaji wa Kisauni alijibu:

Waaleikum salaam, dada yangu. Kazi yangu ni kuezeka, nami nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini kuanzia Msambweni hadi Watamu, kwa hiyo nitasema yanayohusu banda lenyewe na kuwaachia wengine habari za mito na maua. Kabla hujanunua pambo jingine lolote, mfuate baba yako na kiti chake. Mtu aliyefanya kazi gatini miaka yote hiyo anaujua upepo hata akifumba macho, na pale anapokiweka kiti ndipo upepo ulipo.

Utazame ua wako. Kwetu hapa pepo kuu ni mbili: kusi, inayovuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba ikitoka kusini na kusini-mashariki, na kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi ikitoka kaskazini-mashariki; kati yake huwa na maleleji, siku za upepo mchache usiotulia upande mmoja. Banda lililobanwa kwenye pembe ya kusini-mashariki limenyimwa pepo zote mbili, kwa sababu ukuta wa kusini unaikinga kusi na ukuta wa mashariki unaikinga kaskazi. Upepo ukigonga ukuta mzima wa mita 2 na nusu haushuki papo hapo upande wa pili. Hupanda, ukapita juu ya paa lako, ukaja kushuka mbali zaidi. Na ikiwa lango lenu la nyuma ni la nondo, kama yalivyo malango mengi, basi chini ya mwembe mzee anapata ule ulioshuka kutoka juu pamoja na ule unaopenya langoni. Hakuna pazia wala mto utakaoliponya hilo.

Sikushauri ulibomoe banda. Kwenye ukuta wa mpaka, mkabala na banda, upande wa kusini na upande wa mashariki, yatolewe mawe kuanzia kimo cha goti hadi kupita kichwa cha mtu aliyesimama, na mahali pake yajengwe matofali ya saruji yenye matundu. Matundu yake hayapitishi mkono wa mwizi, na upepo unapita. Ikiwa ukuta ni wa pamoja, zungumzeni na jirani kwanza, tena aende baba mwenyewe. Kisha zitazame zile kuta fupi. Ukuta unaofika kiunoni kwa aliyesimama humfika mabegani aliyekaa kitini, yaani unamzuilia upepo mahali hasa anapouhitaji. Ziondoe za kusini na mashariki. Ya magharibi iache, maana huko ndiko jua la alasiri linakotokea. Kama ya tatu iko kaskazini, iondoe pia.

Kuhusu paa, simama katikati ya banda uangalie juu. Makuti yanataka mwinuko wa nyuzi 45 au zaidi, maana yake kwa banda la mita 4 kilele kiwe angalau mita 2 juu ya boriti za pembeni. Paa likilala kuliko hapo maji hayakimbii, makuti yanakaa na unyevu, nayo huoza baada ya masika mawili au matatu, ilhali paa lenye mwinuko mzuri, lililopangwa kiungo juu ya kiungo kwa nafasi isiyozidi upana wa kiganja, kwa uzoefu wangu hudumu miaka mitano hata saba. Hakikisha uliwekewa makuti ya viungo, yaliyoshonwa kwenye kijiti, wala si ya kumba ambayo ni ya kuzungushia ua. Na ukingo wa paa utokeze nje ya nguzo kwa karibu mita 1. Nina hakika lako halikutokeza hivyo, ndiyo maana mvua ya ubavu iliifikia mito yako.

Jambo la mwisho ni nguzo. Mvinje ni mti mwema, nanyi watu wa Bamburi mnaujua zaidi yetu, kwa kuwa ndio alioupanda René Haller kuanzia mwaka 1971 katika machimbo matupu ya kiwanda cha saruji, ukashika katika mawe makavu ambayo miti mingine iliyakataa. Lakini nguzo yake haipendi kuchimbiwa ardhini, kwa sababu mchwa huila kutoka chini bila ya mtu kuona. Gonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole karibu na sakafu: iliyo nzima hulia kwa sauti nzito, na iliyoliwa hulia kama ngoma. Ukiona vumbi laini kama unga wa ngano penye maganda, yabambue maganda yote mara moja, kwa kuwa wadudu hujificha chini yake.

Bibi wa Mji wa Kale alijibu:

Mwanangu, Mungu awazidishie kheri kwa kumkumbuka mzazi wenu. Fundi amesema kweli kuhusu upepo, nami nataka kuongeza kuhusu kukaa, kwa maana naona banda hili mmelipamba kama ukumbi wa hoteli, na baba yako si mgeni wa hoteli.

Nimezaliwa na kulelewa katika nyumba yenye baraza mbele na ua nyuma, na katika umri wangu wote sijaona kochi lililowahi kumshinda mtu wa baraza. Huo ukuta wa magharibi ambao fundi amekuambia uuache, ujengee baraza ya mawe kwa urefu wake wote, kimo chake sentimita 40 au 45 na upana wake sentimita 70, ili mtu aweze kukaa, kuegemea, na hata kukunja miguu akajinyoosha. Ipigwe lipu ya chokaa nyeupe. Jiwe likiwa kivulini hubaki baridi wakati kitambaa cha kochi kimeshapata joto, na hata likirowa masika, kesho yake limekauka.

Juu ya baraza tandika mkeka wa ukindu. Sakafuni funika vigae hivyo vyeupe kwa majamvi ya milala, kwa sababu vigae vinavyong'aa huyarushia macho jua la mchana, na vikirowa humwangusha mzee. Wale wasuka mikeka wa Kwale na Kilifi hufanya kazi nzuri sana, na ukitaka wa rangi waambie mapema, maana ukindu hutiwa rangi kabla ya kusukwa. Mito ya sponji usiifue tena, itoe. Jaza foronya zako za buluu kwa sufi. Sufi ni nyepesi, haishiki maji upesi, na ndiyo sababu zamani ilitiwa ndani ya maboya ya kujiokolea baharini. Mwulize baba, bila shaka aliyaona bandarini. Hata hivyo, mito ya sufi isilale nje. Weka kapu kubwa mlangoni, na kila usiku, kabla ya kufunga nyumba, mito iingie kapuni na kapu liingie ndani.

Mapazia mazito yang'oe leo hii. Kwa jua la alasiri, nenda Mtaa wa Biashara ununue doti mbili za leso, au vikoi kama unapenda mistari, uzipindie kamba juu, uzitundike upande wa magharibi peke yake. Zipandishwe zinapohitajika na zikunjwe jua likishazama. Chagua leso yenye jina jema, kwa kuwa wageni watalisoma wakiwa wamekaa. "Mgeni njoo mwenyeji apone" linafaa sana mahali kama hapo. Kwenye nguzo usiweke kitu isipokuwa kuzifunga kwa kamba ya usumba, mizunguko iliyobanana vizuri kuanzia chini hadi kimo cha paja. Kamba hiyo imetokana na makumbi ya nazi yaliyolazwa kwenye maji ya bahari kwa miezi mingi, kwa hiyo hewa ya chumvi haiitishi.

Sasa nitasema lile ambalo naliona kubwa kuliko mkeka na leso. Mzee hakai peke yake mahali palipopambwa. Mahali palipopambwa humwambia mtu kwamba anangojea wageni, na wageni wasipokuja huona afadhali akae chini ya mwembe, ambako hata mtu akiwa peke yake haonekani kuwa mpweke. Kwa hiyo usimwite baba yako kwenye banda, waite wenzake. Tafuta wawili au watatu aliofanya nao kazi, wakaribishe siku moja baada ya alasiri, na uhakikishe kwamba kahawa chungu iko tayari kwenye dele, vifinjani vimeoshwa, halua au tende ziko kwenye sahani, na bao limewekwa juu ya baraza na kete zake. Kama wao ni watu wa dhumna, basi liwekwe dhumna na meza ya kuipigia. Usizungumzie banda. Wapishe wakae.

Na jioni moja moja, chetezo chenye kipande cha udi kipitishwe kabla wageni hawajafika. Watu watakaa kwa ajili ya harufu peke yake.

Mwenye Kitalu, Mtwapa, alijibu:

Dada, pole kwa maua yako. Mimi nauza miche, na swali lako nimeulizwa mara nyingi na watu wa Nyali, Bamburi na Shanzu, na jibu lake karibu siku zote ni maji. Visima vyetu vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na kadiri watu wanavyozidi kuvuta maji ndivyo chumvi inavyozidi kusogea. Huhitaji kipimo. Litazame jani la waridi kabla halijaanguka: likianza kukauka ncha, kisha ukingo, rangi ya kahawia ikiingia ndani pole pole huku katikati kungali kijani, hiyo ni chumvi. Likinyauka lote kwa pamoja, hicho ni kiu.

Asmini usiikate tamaa, kwa kuwa banda lisilo na asmini hapa Mombasa nalihesabu kuwa nusu ya banda. Ila usiipande ardhini. Iweke kwenye chungu kikubwa chenye tundu chini, udongo mwekundu uchanganywe na samadi iliyooza na mchanga wa mto, usiwe wa pwani, na uimwagilie maji ya mfereji au ya mvua uliyoyakinga kutoka paa la nyumba. Chungu kimoja hakitaki zaidi ya kopo moja au mawili kwa siku, kwa hiyo hata mfereji ukitoka mara mbili kwa wiki utatosha ukiwa na pipa. Mahali pake ni upande wa mashariki wa banda, ili ipate jua la asubuhi na ipumzike mchana. Asmini hufunguka jioni. Kwa hiyo matumba yachumwe alasiri yangali yamefumba, yawekwe kwenye sahani yenye maji kidogo juu ya baraza, nayo yatafunguka mbele ya macho ya wageni. Mrehani nao uwe kwenye chungu, karibu na ngazi, mahali ambapo nguo ya anayepita itaugusa na kuutikisa utoe harufu.

Ardhini, ambako maji ya kisima hayaepukiki, panda bogonvilia, mshubiri na mkadi. Bogonvilia inaistahimili chumvi, na ukiizidishia maji itakupa majani mengi na rangi chache, kwa hiyo ikishashika iache ipate kiu kidogo. Iegemeze kwenye ukuta wa mpaka, pembeni mwa yale matofali ya matundu na si mbele yake. Nakuomba sana usiiruhusu kupanda juu ya makuti, hata kama umeona picha za mabanda yaliyofunikwa maua hivyo. Inapendeza kwa mwaka mmoja. Baadaye majani yaliyodondoka huziba njia ya maji, makuti huoza chini yake, na siku ya kuezeka upya fundi hupandia miiba.

Umetaja mbu. Wengi hudhani mbu wa uani wanatoka mtaroni, lakini wale wenye madoa meupe miguuni, ambao huuma asubuhi na alasiri, hasa huzaliana kwenye maji machache yaliyotulia: kisahani cha chini ya chungu, kopo lililosahauliwa, tairi, ua la plastiki lenye maji ya mvua. Hao ndio wanaoeneza homa ya dengi, iliyotutesa Mombasa mwaka 2013, na chikungunya, iliyowalaza watu kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwaka 2018, na ambaye aliugua anajua viungo vilivyouma. Visahani vya vyungu usivimwage tu. Visugue kwa brashi kila wiki, kwa sababu mayai hunata ukingoni na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingojea maji. Au fanya kama ninavyofanya kitaluni: kijaze kisahani mchanga, maji yazame ndani yake.

Binti wa Bamburi aliandika:

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimegonga nguzo kama fundi alivyoeleza, na moja, iliyo karibu na ukuta wa kusini, imelia kama ngoma. Aliyetujengea alitwambia amezipaka dawa. Lango letu la nyuma ni la nondo kweli, nami jana nilikaa kwenye kiti cha baba chini ya mwembe kwa dakika kumi nikausikia huo upepo mwenyewe. Nikatembea hadi bandani na ukakatika kabisa, kama mtu aliyefunga mlango.

Bado nina maswali mawili. Kaka yangu anataka tutundike kandili za mafuta ya taa kwenye boriti ili kuwe na mwanga wa kizamani, na pia tuweke jiko la makaa bandani kwa ajili ya kuchoma samaki wikendi. Je, inafaa? Na taa zangu nyeupe zibaki?

Fundi Umeme wa Changamwe alijibu:

Dada, mwambie kaka, kwa heshima, kwamba haifai hata kidogo. Makuti makavu ya kaskazi hushika moto upesi kuliko karatasi, na likishika paa moja upepo huupeleka la jirani. Sote tunakumbuka jinsi moto ulivyoteketeza mji wa Faza, kisiwani Pate, mwaka 2009, nyumba mamia zikaisha. Jiko likae mbali na banda kwa mita 5 au zaidi, upande ambao upepo unaelekea, si unakotoka, na ndoo ya mchanga iwe karibu nalo. Bibi yangu wa Mji wa Kale anisamehe, lakini hata chetezo sikifurahii chini ya makuti.

Kandili zinunuliwe, zioshwe vioo, na ndani yake ziwekwe balbu ndogo za LED za mwanga wa njano. Nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki kwenye nguzo na boriti, zisilale juu ya makuti wala zisifungwe kwa gundi, na laini ya banda iwe na swichi yake ya usalama inayokata umeme ukivuja. Taa nyeupe huvuta wadudu zaidi kuliko za njano, na wewe umezizungusha kila nguzo, kwa hiyo uliwakusanya wadudu wa ua mzima wakaja kukaa nanyi. Moja uihamishie ukutani mbali, iwavute huko. Kandili zining'inie chini, kimo cha uso wa aliyekaa au juu kidogo, ili mwanga uangukie vikombe na bao. Mahali pa kukaa hapahitaji mwanga wa dukani.

Kwa siku za maleleji, feni ya kusimama yenye kasi ya wastani, ikielekezwa miguuni, itasaidia kuliko dawa ya koili. Mbu ni mdhaifu wa kuruka, upepo mdogo tu humshinda.

Bibi wa Mji wa Kale alijibu:

Nimekusamehe, mwanangu, na umesema la maana. Chetezo changu hukaa kwenye sinia lenye mchanga, hushikwa mkononi na mtu mzima, hupitishwa mara moja, kisha hurudi jikoni. Hakiachwi bandani wala hakipewi mtoto. Anayeona hawezi kulisimamia hilo aufukize udi ndani ya nyumba, na harufu itatoka na nguo za watu.

Binti wa Bamburi aliandika (Septemba):

Nimerudi kuwaeleza, kwa sababu mlijitolea muda wenu kwa ajili yetu.

Baba alikwenda mwenyewe kuzungumza na jirani, wakaelewana, na matofali ya matundu yamejengwa pande mbili. Kuta fupi mbili zimeondolewa. Nguzo iliyoliwa imebadilishwa, na zote nane sasa zimekalia vidato vya zege vilivyoinuka juu ya sakafu. Baraza imepigwa lipu ya chokaa, nayo ndiyo iliyochukua siku nyingi kuliko yote kwa sababu mama hakuridhika na ulaini wake hadi alipopitisha kiganja mara ya nne. Makochi tumempa dada yetu wa Changamwe. Mikeka miwili ya ukindu tuliinunua kutoka kwa mama mmoja wa Kwale, mmoja una milia ya zambarau ambayo mama anaipenda sana.

Wenzake baba watatu walikuja siku ya Alhamisi. Nilifanya kama Bibi alivyoagiza: kahawa ilikuwa kwenye dele, bao lilikuwa barazani, nami nikaingia jikoni nisiseme neno. Kwa dirishani nilimwona baba akitoka na kiti chake cha plastiki kama kawaida, akasimama nacho katikati ya ua, akawatazama waliokwisha kukaa, mmoja akiwa ameshavua viatu na kukunja miguu juu ya mkeka. Akakirudisha kiti ukutani. Alipopanda ngazi, leso ilikuwa inapepea, akaishika pindo kwa vidole viwili na kulisoma jina lake taratibu, halafu akakaa mwisho wa baraza, upande wa kusini, ambako upepo unaingilia. Waliondoka baada ya Isha. Asmini moja tu ndiyo imeshika hadi sasa, lakini matumba yake tisa yalikuwa kwenye sahani jioni hiyo, na kabla ya Magharibi yalikuwa yamefunguka yote.

Asubuhi bado hukaa chini ya mwembe, anapokunywa chai na kusikiliza redio, nasi hatumwulizi.

Kuna tatizo moja limebaki: mvua ndogo ya juzi ilipenyeza matone kileleni, katikati kabisa ya banda, ingawa pande zote ziko kavu. Je, ni lazima tuezeke upya?

Mwezekaji wa Kisauni alijibu:

Hapana, dada. Likivuja kileleni peke yake, makuti ya pande hayana kosa. Ni kile kilemba cha juu kilichoungwa kwa makuti machache au kilichofungwa kwa waya uliokatika kwa kutu. Kitolewe, kipangwe upya kwa viungo viwili viwili vilivyokunjwa juu ya kilele na kushuka nusu mita kila upande, kifungwe kwa kamba ya usumba, na juu yake zilazwe fito mbili za kukibana. Ni kazi ya asubuhi moja. Ifanyeni kabla ya Oktoba kwisha, mvua za vuli hazijaanza, na makuti ya kilele yawe makavu siku mnapoyaweka, kwa kuwa mabichi hunywea na kuacha nafasi. Nisalimie mzee.